"Naenda Huku Kwanza, Nitahama Baadaye": Tuongee Ukweli Kuhusu Hizi Hesabu za Vyuo

Leo mastaa tuwaache wapumzike kidogo. Najua mmezoea kuja hapa kujua nani kaachana na nani, ila msimu wa vyuo ukifika kuna stori huku kwetu inazipita zote, na haina staa hata mmoja. Ni stori ya mtu anayefungua simu, anakaa kimya, halafu anasema neno moja tu: nimekosa.

Mimi niko Same mjini. Mchana nipo steshenari, usiku naandika hapa. Chuo sijakanyaga, shule niliishia sekondari, lakini fomu za vyuo nimejazia watu mpaka naziota. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, vijana wanashuka kutoka milimani, Suji, Chome, Vudee, Mbaga, wamekunja karatasi yenye namba ya mtihani na namba ya simu ya mzazi. Zamani, kuanzia 2010, ulikuwa unaomba kupitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 unaomba chuoni moja kwa moja. Kila chuo kina akaunti yake, ada yake ya maombi na neno lake la siri ambalo lazima utalisahau.

Sasa mwaka jana aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya kompyuta alikuwa mdogo wangu wa damu.

Dogo alisoma PCB. Tangu darasa la nne anasema yeye ni daktari, na kule kijijini, upande wa Mamba Myamba, wazee walishaanza kumwita hivyo hivyo, "daktari wetu". Matokeo yakatoka: Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Kwa hesabu za A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, hizo ni pointi 8. Nyumbani tulishangilia, maana sifa ya chini ya kuingia digrii ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, na yeye anazo tatu zote.

Tatizo ni kwamba sifa ya chini inakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni kitu kingine. Udaktari ndiko wanakokimbilia wenye A na B wa nchi nzima, na viti ni vichache. Dirisha la kwanza akaomba vyuo vitatu, vyote Udaktari. Vyote vikamkataa.

Nani kamkataa siwaambii, haisaidii. Kitu ninachokumbuka ni kwamba hakulia. Aliuliza, "Kaka, hapa unaweza kuprinti?" Nikamuuliza aprinti nini, akasema basi, acha.

Dirisha la pili akatanua wigo. Safari hii akachaguliwa sehemu mbili kwa mpigo. Ya kwanza, chuo kimoja binafsi, shahada ya uuguzi, ada yake zaidi ya mara mbili ya ile nyingine. Ya pili, SUA, pale Morogoro, kilimo cha mazao. Kama hujui utaratibu, ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba maalumu kwenye simu, unaitumia kuthibitisha chuo kimoja, na siku zinahesabika. Usipothibitisha, nafasi inakwenda.

Hapo ndipo kikao cha familia kikaanza, kwa simu, maana mtandao kule juu unashika ukisimama upande mmoja tu wa uwanja. Mama akasema arudi nyumbani, arisiti, mwakani aombe tena. Mjomba akasema aende uuguzi, "si ni hospitali tu?" Baba ndiye mwenye shamba la tangawizi lililokuwa lilipe ada, na mwaka ule sehemu ya tangawizi ilioza ardhini. Akasema neno moja: "Mwanangu, mimi nitauza kilichopo. Chagua kitu ambacho sitauza mara mbili."

Dogo akaja na jibu ambalo nalisikia steshenari kila wiki: "Naenda SUA kwanza, halafu nitahamia Udaktari."

Watu wangu, hii sentensi ni tamu sana. Inakuruhusu kusema ndiyo bila kusema ndiyo. Unathibitisha chuo huku moyo umeuacha stendi. Nimeona mtu anapaki begi la chuo kama anaenda kutembea kwa shangazi, hata godoro hanunui. Kwa hiyo usiku ule nikamkalisha, tukafungua miongozo ya TCU, tukasoma mstari kwa mstari.

Kuhama kupo, hilo lijulikane. TCU huwa inafungua kipindi cha uhamisho kwa waliodahiliwa, cha kuhama programu ndani ya chuo au kwenda chuo kingine. Lakini chuo unachokwenda lazima kiwe na nafasi kwenye programu hiyo, na wewe lazima uwe na sifa zake. Matokeo yako ya kidato cha sita hayabadiliki kwa sababu umepanda basi. Kama zile C na D hazikupenya kwenye ushindani Septemba, ukienda nazo kuomba uhamisho ni zile zile. Nafasi inaweza kutokea, kuna watu hawaripoti, ila hiyo ni bahati, na bahati hailipiwi ada.

Halafu kuna masomo uliyokwisha kusoma. Ukihama kutoka kilimo kwenda kilimo, chuo kipya kinaweza kulinganisha kozi zako na kukutambulia baadhi. Ukihama kutoka kilimo kwenda Udaktari, unaanza mwaka wa kwanza. Udaktari ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kazini. Kilimo cha mazao ni mitatu. Kwa hiyo aliyekaa SUA mwaka mmoja kisha akahama, hajahama, ameanza upya akiwa na mwaka mmoja mkononi na deni la Bodi ya Mikopo la mwaka huo. Mkopo wenyewe nao una makaratasi yake, lazima Bodi ijue umehama, la sivyo wenzako wanapokea bumu wewe unazunguka ofisi hadi ofisi.

Kama mnadhani natia chumvi, kumbukeni mwaka 2016. TCU ilifuta matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu ya Songea na Arusha, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka huo huo, mwezi Mei, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu walirudishwa nyumbani kutoka UDOM, na baadaye wengi wao wakapangiwa vyuo vya ualimu. Hao hawakuomba kuhama, walihamishwa. Mtu akishapita hapo, haongelei kuhama kama kubadilisha laini ya simu.

Dogo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo unataka niache ndoto?"

Nikamwambia hapana. Ila tuziweke njia zote mezani. Kurisiti ni njia: unafanya mtihani tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, inakugharimu mwaka, lakini hiyo ndiyo inayobadilisha alama. Stashahada ya utabibu ni njia: ndefu, ila kuna madaktari kibao walipita huko kwanza, wakaomba Udaktari kwa stashahada yao. Kuhama ni njia. Na kubaki nako ni njia, hata kama hakuna anayeitaja.

Kisha nikamuuliza mimi. "Tuseme umeenda SUA, umeomba kuhama, wamekataa. Utamaliza, au utarudi?" Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza uuguzi nao vipi, akijiuliza swali lile lile. Jibu lilikuja haraka: uuguzi angeusomea hasira, kila siku anamtazama daktari anasema pale ndipo pangu. Na ile ada ilimaanisha baba auze mara mbili. Kilimo hakukipenda, lakini hakukichukia. Alikulia kwenye matuta. Maji ya ndiva alishakwenda kuyafungulia alfajiri zamu ya kwetu ikifika. "Nikikataliwa kuhama," akasema, "nitamaliza."

Akathibitisha SUA.

Basi la Morogoro likampitisha Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze. Wiki ya kwanza akanitumia picha ya Uluguru imesimama nyuma ya chuo, ameandika, "Mlima upo, ila si wa kwetu." Nikamjibu kwamba Upare na Uluguru ni ndugu, yote ni Tao la Mashariki. Akanitumia kicheko. Mkopo alipata nusu, nusu nyingine ni tangawizi.

Sasa mwaka wa kwanza umekwisha, yuko nyumbani. Mnataka kujua kama anahama? Hajaamua, na siwapambii. Kuna siku anaongea kuhusu Udaktari mpaka chai inapoa. Kuna siku anaingia shambani na baba, anang'oa shina la tangawizi lililonyauka, analikata, ananusa, anaanza kueleza kwa nini mbegu isitoke kwenye tuta lililougua. Baba anamsikiliza kwa adabu ambayo sijawahi kuiona akimpa mtu mwenye miaka ishirini. Na juzi kanipigia hesabu mpya kabisa: kumbe SUA hiyo hiyo ina Udaktari wa Mifugo, miaka mitano, PCB yake inahusika, na huku tambarare ng'ombe ni wengi kuliko pikipiki. Mama akasema, "Daktari ni daktari." Tukacheka wote, ila dogo hakucheka sana. Nadhani anafikiria kweli.

Kitu kimoja kimebadilika na ndicho ninachotaka mkibebe. Mwaka jana kuhama kulikuwa kisingizio cha kutochagua. Sasa hivi ni swali lenye tarehe, lenye alama na lenye bei, na analo jibu la "ikishindikana je?" Alama zake za mwaka wa kwanza ni nzuri, kwa sababu alisoma kama mtu anayebaki. Hata akihama, hizo haziendi kumwangusha. Asipohama, ndizo zake.

Kwa hiyo wewe uliyekosa mwaka huu na una siku chache za kuthibitisha, usiulize tu "nitahama lini?" Jiulize, kama mlango wa kuhama ukifungwa, hapa nitamaliza? Kama jibu ni ndiyo, thibitisha na ununue godoro. Kama ni hapana, kaa na wazazi, muongelee kurisiti au njia nyingine kabla hawajauza kitu.

Na nyie mliowahi kuhama chuo, msituache hivi hivi. Shukeni hapo chini mtuambie: ilichukua muda gani, ulipoteza nini, na ungerudia tena? Kuna mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki mahali fulani, namba ya kuthibitisha iko kwenye simu, anasubiri kusoma jibu lako.