Mdudu, Kidudu, Dudu

Nilianza kupiga picha za wadudu kwa karibu bila kamera. Nilikuwa na simu, na lenzi ndogo ya kukuza iliyobanwa juu yake. Vifaa hivyo vinatosha kumfunza mtu mambo matatu. Kwanza, arauke: asubuhi, kando ya mto Enyau, wadudu huwa wamezizima kwa baridi na hawaruki upesi. Pili, alenge macho ya mdudu, kwa kuwa katika ukaribu huo ni milimita chache tu zinazoonekana wazi. Tatu, aegemeze viwiko magotini na kuzuia pumzi, maana hata pumzi hutikisa picha.

Huku Arua na Koboko kazi hii si ya kujifurahisha tu. Kandokando ya mito yetu huishi mbung'o, aenezaye ugonjwa wa malale, ambao umeua watu wengi katika eneo hili. Vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa ya kumwua vimewekwa kwenye kingo za mito, wagonjwa wametafutwa na kutibiwa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya huku si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda. Hata hivyo, kupungua si kutoweka.

Kwa hiyo inafaa kumjua mbung'o. Nzi wa nyumbani akitua, mabawa yake huachana; mbung'o huyalaza moja juu ya jingine, mithili ya mkasi uliofungwa. Mdomo wake umechomoza mbele, na katikati ya bawa mishipa imechora umbo la shoka. Mwanafunzi aliyeziona alama hizo katika picha hatamwogopa kila nzi, wala hatampuuza mbung'o aliyemwuma mtoni.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana la kuzingatia. Tunaposema kidudu au dudu, hatutaji ukubwa peke yake. Mara nyingi tunatia dharau katika umbo la kwanza na hofu katika la pili. Lenzi humkuza mdudu bila kumfanya dudu. Basi, kabla mwanafunzi hajazoea kusema, "Ni kidudu tu," tumwonyeshe mabawa yake.