Nakala si Akiba

Mwaka jana, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilifanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya shule moja jijini Kampala. Shule ilikuwa na seva mbili, kila moja katika chumba chake. Mashine pepe zote, pamoja na ile ya kumbukumbu za karo, zilikaa katika seva ya kwanza. Mkuu wangu aliniambia, "Kijana, umeme wetu unaujua. Seva hii ikifa, tutakwenda wapi?"

Nilitumia Proxmox. Niliunda hifadhi ya ZFS yenye jina lilelile katika seva zote mbili, kisha nikapanga mashine zinakiliwe kila baada ya dakika 15. Mara ya kwanza data yote ilisafiri usiku kucha. Baada ya hapo yalisafiri mabadiliko tu. Siku ya majaribio tulichomoa waya wa umeme wa seva ya kwanza. Nikaiwasha mashine ya karo katika seva ya pili, nayo ikaamka, ikikosa kazi ya dakika chache tu. Watu walipiga makofi. Nami kwa kiburi nikamwambia mkuu kwamba ile diski ya nje tuliyohifadhia data kila Ijumaa haikuwa na kazi tena. Akaniamini.

Wiki tatu baadaye, mama mhasibu alifuta kwa bahati mbaya folda ya malipo ya muhula. Aliniambia baada ya chakula cha mchana. Nilikwenda kwenye seva ya pili nikitabasamu. Folda haikuwepo. Dakika 15 zilikuwa zimepita mara nyingi, na seva ya pili ilikuwa imeiga kila kitu kwa uaminifu, hata kosa.

Diski ya nje ilikuwa na data ya wiki tatu nyuma. Yaliyobaki tuliyaandika upya kutoka vitabu vya risiti, jioni nne mfululizo. Mama hakunigombeza. Alisoma namba, nikaandika.

Nilijifunza kwamba nakala inayofuata kila hatua hutuokoa seva inapokufa, lakini haituokoi mkono unapoteleza. Kwa hilo tunahitaji data ya jana iliyowekwa kando, isiyoguswa. Wahenga walikuwa na neno lake: akiba. Nao walisema haiozi. Kabla sijaondoka niliirudisha diski ya Ijumaa, nikaibandikia karatasi yenye neno hilo.