Ukunga na Ufasaha: Bendi ya Duma katika Mizani ya Fasihi

Neno fasihi limebeba hukumu ndani yake. Mzizi wake ndio uliozaa ufasaha. Kwa hiyo, kabla mhakiki hajafungua kinywa, neno lenyewe limekwisha kuamua kwamba sanaa ya lugha ni sanaa ya maneno yanayoeleweka. Katika insha hii fupi ninakusudia kuihoji hukumu hiyo kwa mfano ambao huenda baadhi ya wenzangu wakauona kioja: bendi ya Duma ya Nairobi. Swali hili si la nadharia tupu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyetaka kuandika tasnifu juu ya bendi hii aliambiwa na jopo lililomsikiliza kwamba kelele si matini. Alibadilisha mada. Jibu lile linahitaji kujibiwa.

Tuanze na habari zenyewe. Duma iliundwa na wasanii wawili, Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotokea katika vikundi vya muziki wa metali vya Nairobi. Mwaka 2019 walirekodi katika studio ya Nyege Nyege mjini Kampala, na Agosti 2020 Nyege Nyege Tapes ikaitoa albamu yao ya kwanza, iitwayo pia Duma. Muziki wao ni wa ukoo wa panki. Umetokana na utanzu wa kasi na ukelele uliochipuka Uingereza katika miaka ya 1980, panki ilipokutana na metali, na ambao Napalm Death ya Birmingham iliutangaza kwa albamu ya Scum mwaka 1987. Duma waliongeza midundo ya mashine. Juu ya midundo hiyo Khanja hupaza sauti ambayo aghalabu sikio haliwezi kuipambanua katika maneno.

Hata hivyo, tusiseme kwamba hakuna lugha. Ninapoishi, Membley, kati ya Kahawa na Ruiru, Kigikuyu na Kiswahili hupokezana ndani ya sentensi moja. Msomaji wa huku akiliona jina la bendi hii hulisoma mara mbili: kwa Kiswahili anamwona mnyama mwenye mbio kuliko wote, kwa Kigikuyu anasikia nduma, yaani giza, na hiyo ndiyo maana waliyoitaja wasanii wenyewe. Mbio na giza: ni muhtasari kamili wa fani na maudhui ya albamu nzima, katika silabi mbili. Mshairi yeyote wa mapokeo angejivunia taswira iliyobana kiasi hicho.

Lakini hoja yangu kubwa haimo katika jina, imo katika sauti. Jamii zetu zina utanzu mzima wa sauti zisizo na maneno, nasi tumeupita kimya. Mtu akipiga ukunga usiku, jirani hamwulizi amekusudia nini. Huamka, akashika kilichopo, akatoka. Wagikuyu huita mlio huo mbu, na wajibu wa anayeusikia ni uleule. Katika mbolezi, kilio huukata mshororo katikati, na ukatwaji huo ndio kilele cha utungo. Katika ngoma za kupunga pepo, maneno yasiyojulikana na yeyote aliyehudhuria ndiyo yenye uzito zaidi. Tukizifundisha tanzu hizi kwa kunukuu maneno yake tu, tunafundisha maganda.

Sidai kwamba kila apigaye kelele ni msanii. Mhakiki ana vigezo, navyo havijapitwa na wakati: takriri, mahadhi, mgawanyo wa pumzi, mahali kimya kinapoingia na kwa nini. Duma wapimwe kwa hivyo. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walikuwapo walioona kwamba utungo usio na vina si shairi. Mabishano yale yalitupanua. Sioni kwa nini haya yatufinye.

Jopo lilidokeza pia kwamba jambo hili ni la kuigwa kutoka Marekani. Ni kweli kwamba vijana wa Washington, walipoanzisha lebo ya Dischord mwaka 1980, walifanya kujitegemea kuwe sehemu ya maana ya panki: bendi ijirekodi, ijichapishe, ijiuzie. Ni kweli pia kwamba Bad Brains, waliotoka mji huohuo, walikuwa Weusi, na kwa hiyo panki haikupata kuwa mali ya Wazungu peke yao. Lakini Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa na maduka yake ya muziki Nairobi, na baada ya J. M. Kariuki kuuawa mwaka 1975 alimwimba bila kusubiri ruhusa ya mkubwa. Desturi ya msanii kumiliki koo lake ilikuwapo River Road kabla ya Dischord kuzaliwa.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya lebo yake, Haekalu. Aliitabaruku kwa Muthoni wa Kirima, ambaye Khanja hujitambulisha kuwa kitukuu wake: mpiganaji wa Mau Mau, anayetambulika kuwa mwanamke pekee aliyefikia cheo cha jemadari mkuu, aliyefariki Septemba 2023. Vita vya msituni tumevisoma katika riwaya na tamthilia, vikiwa vimepangwa kwa sentensi fasaha. Sina ugomvi na sentensi hizo. Ndizo riziki yangu. Ila hofu, baridi na giza la msitu havikuwa fasaha hata kidogo, na hapa mmoja wa uzao ule anaturudishia mlio bila tafsiri. Mwanafunzi ajaye na mada hii apewe msimamizi.