Kompyuta Zilizozimwa na Mlinzi Wake

Miongoni mwa siku ambazo afisi za ulimwengu zitazikumbuka kwa muda mrefu ni Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu iliyotolewa na kampuni ya Microsoft, zilizimika na kukataa kuwaka. Viwanja vya ndege vilijaa abiria wasio na safari, madaktari wengi wa Uingereza walishindwa kuzifungua kumbukumbu za wagonjwa wao, na kituo cha televisheni cha Sky News cha huko kikatoweka hewani kwa muda. Watu walidhani kwamba wezi wa mitandaoni wameivamia dunia. Kumbe hapakuwa na mwizi. Aliyeyafanya hayo alikuwa ni mlinzi, yaani programu iliyolipiwa fedha nyingi ili izikinge kompyuta hizo na maadui.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa chuo ana nini na kompyuta? Kweli, elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi, na mashine hiyo sinayo nyumbani. Lakini mtoto wa dada yangu ni fundi wa kompyuta katika afisi moja ya kupokea na kutoa shehena hapa Mombasa, ambayo jina lake nitalificha, na siku ile nusura apoteze kazi yake pasipo kosa. Nilimtaka anieleze mambo yalivyokuwa. Alipokwisha kunieleza nilimrudishia maneno yake kama mwanafunzi anavyomsomea mwalimu, naye akanisahihisha, mpaka aliporidhika kuwa nimeyashika sawasawa.

Mlinzi wa aina hii hana budi kupashwa habari kila mara, kwa sababu maadui hubuni hila mpya kila siku. Kwa hiyo kampuni iliyomtengeneza, nayo ni CrowdStrike ya Marekani, humtumia maagizo mapya kwa njia ya intaneti, pengine mara nyingi kwa siku moja, na mwenye kompyuta hata habari hana. Asubuhi ile, saa 1 na dakika 9 kwa saa zetu, lilitumwa faili la maagizo lililokuwa na kasoro. Maagizo yenyewe yalitaka vitu 21 vikaguliwe, ilhali programu iliyokuwamo ndani ya kompyuta ilikuwa imetayarishiwa vitu 20 tu. Mpwa wangu alinipigia mfano wa kazi yao: hati inasema magunia 21, na jahazi limeleta 20. Karani mwenye akili angesimama akauliza. Programu ile haikuuliza. Ilinyosha mkono gizani kulishika gunia la 21, ikashika kitu kisicho chake, ikaanguka.

Ajabu ni kwamba kasoro hiyo haikuzaliwa siku ile. Maagizo ya aina hiyo yalikuwa yakitumwa tangu Machi mwaka huo huo, lakini yale ya kwanza hayakumtaka mlinzi akitazame kile kitu cha 21, basi ufa ukakaa chini ya chokaa bila ya kuonekana. Tena ilikuwako programu nyingine ambayo kazi yake ni kuyahakiki maagizo kabla hayajatumwa. Nayo ilikuwa na dosari, ikayapitisha.

Sasa, kwa nini kuanguka kwa programu moja kuzime mtambo mzima? Programu nyingi za kompyuta hukaa ukumbini. Ikiugua mojawapo hufungwa peke yake, na nyingine zikaendelea. Mlinzi huyu hupewa nafasi katika chumba cha ndani kabisa, kwa hoja kwamba mwizi hodari huingia mpaka huko. Akianguka aliye chumba hicho, Windows huona heri kuzima kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu zaidi, na wakati ule kioo kilikuwa kikigeuka buluu chenye maandishi meupe. Na kompyuta ikiwashwa tena, mlinzi ni katika wa mwanzo kuamka. Hulisoma faili lile lile, huanguka vile vile. Huwaka na kuanguka, huwaka na kuanguka.

Kampuni ililigundua kosa na kuliondoa faili hilo saa 2 na dakika 27, yaani baada ya dakika 78. Zilizodhurika ni zile kompyuta zilizokuwa zimewashwa na zimeunganishwa na intaneti ndani ya dakika hizo. Iliyokuwa imezimwa ilisalimika. Na hapo ndipo kisa cha mpwa wangu kinapoanzia.

Afisi yao ina kompyuta 34. Sheria yake iliyoandikwa inawataka makarani waziache zimewashwa usiku, ili zipokee marekebisho yake wakati hakuna kazi. Alhamisi jioni mpwa wangu aliwakumbusha watu sheria hiyo, kama alivyozoea kuwakumbusha. Wengi walitii. Alipoingia afisini Ijumaa saa 2 kasorobo alizikuta kompyuta 27 ni za buluu tupu. Kwanza alishuku umeme, akapima; umeme ulikuwa sawa. Akashuku mojawapo ya nyaya kubwa, lakini zilizokufa zilikuwa katika vyumba vitatu mbalimbali. Kisha akaingia karani mmoja mashuhuri kwa kuchelewa, ambaye pia hutoka mapema na kuzima mashine yake bila ya kujali sheria ya mtu. Saa 3 kasorobo akaketi, akawasha, akaanza kazi kama kwamba hapana lililotokea! Mpwa wangu akalishika jambo hilo. Akauliza mmoja mmoja: nani alizima jana, na nani aliacha? Jawabu likatoka wazi, kwamba zilizolala zimezimwa zote ni hai, na zilizokesha zimekufa.

Jawabu hilo ndilo lililomtia matatani. Meneja alipolisikia alisema mbele ya watu wote, "Basi ni wewe. Wewe ndiye uliyewaambia waziache." Akamwambia kwamba shehena zikikwama bandarini gharama zitakatwa katika mshahara wake, na kwamba kufikia jioni ataamuliwa kama abaki au aende. Dada yangu ni mjane, na kijana huyo ndiye anayelipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zake wawili. Habari ilinifikia saa 4, dada akilia katika simu, akinitaka niende nikamwombe meneja msamaha. Nilikwisha kuvaa kanzu. Nikampigia kijana kwanza, naye akanijibu kwa haraka, "Mjomba, tafadhali usije. Niachie kwanza niziwashe." Basi sikwenda.

Kilichompa moyo ni simu ya rafiki yake, fundi kama yeye, aliyeko Dubai, aliyempigia kumuuliza kama na wao wameona buluu. Ndipo alipojua kwamba maradhi haya si ya afisi yao peke yake. Kwa ile mashine ya mchelewaji akasoma tangazo la kampuni yenyewe lenye kueleza dawa. Dawa ilikuwa fupi: uiwashe kompyuta kwa ile njia ya dharura ambayo huamsha vitu vichache tu na kumwacha mlinzi amelala, uingie katika folda ya CrowdStrike, ulitafute faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, ulifute, kisha uwashe upya. Ni kazi ya dakika chache. Lakini haikuwezekana kuifanya kwa mbali, kwa kuwa mashine isiyowaka haisikii amri ya mtandao. Ilibidi fundi akae mbele ya kila moja.

Tena palikuwa na kufuli. Kompyuta za afisi aghalabu hufungwa kwa kufuli iitwayo BitLocker, ili ikiibiwa mashine mwizi asisome yaliyomo. Ukitaka kuingia kwa njia ya dharura kufuli hiyo hudai ufunguo wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita, na kila mashine ina ufunguo wake. Je, funguo zote 34 zilihifadhiwa wapi? Katika seva ya afisi, ambayo nayo ilikuwa buluu. Nimesoma kwamba afisi nyingi kubwa za ulimwengu zilinaswa na jambo hili hili: ufunguo umo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mpwa wangu alikuwa amezichapa funguo hizo katika karatasi mwaka uliotangulia na kuzikabidhi kwa mhasibu, mama mmoja wa makamo, aziweke katika saraka yake ya chuma pamoja na vitabu vya hundi. Vijana wenzake walimcheka kwa kuweka karatasi zama hizi. Mama yule hakucheka; alizitia katika bahasha, akaandika tarehe, akafunga. Siku ile alikaa naye mchana kutwa, yeye akisoma tarakimu sita, kijana akiandika na kuzirudia kwa sauti, kisha sita nyingine. Mtu aliyefundisha watoto kuhifadhi ataijua taabu hiyo na ataijua faida ya kuwa wawili. Walianza na seva. Mpwa wangu alikwenda Jumaa akarudi, na dada akampelekea mahamri na chai ya chupa. Mashine mbili alijaribu kuziwasha na kuzizima mfululizo, kwani ilisemwa kwamba pengine mtandao huwahi kuleta faili jema kabla ya lile bovu kusomwa. Moja ikapona hivyo katika mara ya tisa, ya pili ikagoma. Zote 27 zilikuwa zimesimama Jumamosi baada ya magharibi.

Kuna jambo moja dogo nisilotaka kulipita. Katikati ya shughuli hiyo karani mmoja alipokea barua ya intaneti yenye "dawa ya haraka" ya kuziponya mashine zote kwa mara moja, akataka kuifungua. Kijana alimzuia. Baadaye kampuni ilionya kwamba walaghai wametengeneza dawa za uwongo zenye sumu ndani yake. Wanafuata msiba kama nzi.

Shida hii ilikuwa nzito zaidi kwa wakubwa. Shirika la ndege la Delta la Marekani lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano, na mkuu wake akasema kwamba watu wao walilazimika kuzishughulikia kwa mikono seva zaidi ya 40,000, na kwamba hasara ilifikia dola milioni 500. Oktoba 2024 Delta na CrowdStrike zilishtakiana mahakamani. Nalitaja hilo kwa sababu lina tofauti kubwa na lililotokea Mombasa. Shirika likidhurika huajiri mawakili, na kampuni hujibu kwa mawakili. Fundi wa afisi hushtakiwa papo hapo na aliye karibu naye, hana wakili, na hukumu yake hutolewa kabla ya adhuhuri. Nasema wazi kwamba meneja yule alimdhulumu. Aliyatii maagizo ya afisi, na maagizo yenyewe yalikuwa na busara siku zote isipokuwa siku ile moja.

Wala haya si mageni. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma faili la habari za virusi, nambari 5958, likaihesabu svchost.exe, ambayo ni sehemu halali na ya lazima ya Windows XP, kuwa ni kirusi. Mlinzi akaikamata na kuitia kifungoni, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila ya kikomo, au zinakatika mtandaoni. Mkuu wa ufundi wa McAfee wakati ule, George Kurtz, ndiye aliyekuwa mkuu wa CrowdStrike mwaka 2024. Wengi wamelifanyia mzaha jambo hilo. Mimi linaloniajabisha ni jingine: miaka 14 ilipita, na dawa ilikuwa ile ile, fundi na kiti chake, mashine baada ya mashine.

CrowdStrike ilisema baadaye kwamba maagizo ya namna hii yatapelekwa kwa hatua, kwa mashine chache kwanza na wengine baadaye, na kwamba wateja watapewa hiari ya kungoja. Chuoni kwetu mwanafunzi hasomeshi wadogo zake sura ambayo hajaisoma mbele ya mwalimu, na utaratibu huo ni wa kale sana. Microsoft nayo ilitangaza Novemba 2024 kwamba inatayarisha njia ya kuiponya kwa mbali hata kompyuta isiyoweza kuwaka.

Mpwa wangu bado yuko kazini. Mshahara wake haukukatwa, lakini hakuombwa radhi, na maneno yale ya mbele ya watu hayakufutwa mbele ya watu. Bahasha ya mhasibu imehamishwa ikawekwa katika sefu ya meneja mwenyewe, na kila ufunguo mpya ukitoka kijana huagizwa kwa maandishi apeleke nakala yake ya karatasi, itiwe tarehe na sahihi mbili. Sahihi ya pili ni ya yule mama.