Atapumuaje?

Wapendwa, juma lililopita tuliketi na mama mmoja nje ya chumba cha upasuaji. Karanga ilikuwa imenasa katika njia ya hewa ya mwanawe wa miaka miwili. “Baba, wakiingiza chombo kooni, atapumuaje?” alituuliza. Tulikosa jibu. Daktari wa usingizi ndiye aliyemweleza: oksijeni hupitishwa ndani ya bomba lile lile la kutolea karanga, kwani mtoto, kwa kadiri ya uzito wake, huitumia takriban mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake huisha upesi.

Karanga ilitoka salama. Nasi tulitambua kwamba mama yule alihitaji kwanza ukweli, kisha faraja yetu.

Wazazi, watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima.