Dokta Asiyetibu

Kwetu Kilwa Kivinje huniita Dokta. Udaktari wangu ni wa falsafa, katika sayansi ya siasa. Lakini jirani mwenye mtoto mgonjwa hatofautishi, nami kwa miaka mingi sikujisumbua kumsahihisha. Heshima hiyo ina gharama yake.

Mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinipigia simu akisema jicho moja limeingia ukungu na linauma akiligeuza. "Mjomba, wewe ndiye Dokta wetu." Nikamjibu kuwa ni uchovu wa kusahihisha madaftari usiku. Wiki chache baadaye jicho likapona, nami nikajiona mjuzi. Haukupita mwaka, miguu ikafa ganzi, na jua la mchana lilipokuwa kali ikazidi kuwa mizito. Zahanati ikamtibu malaria. Dada yangu akaambiwa kwamba binti yake ana jini la baharini. Kila mmoja wetu alikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa na kipimo.

Kipimo cha MRI alikipata Dar es Salaam, takriban kilomita 300 kutoka nyumbani. Picha zilionyesha makovu katika ubongo na uti wa mgongo: maltipo sklerosisi. Katika maradhi haya kinga ya mwili hushambulia mielini, utando unaofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ni maradhi adimu zaidi karibu na ikweta, na kwa sababu hiyo si rahisi kushukiwa.

Aliporudi aliniuliza: "Mjomba, neva zilizoharibika huota tena?" Safari hii nilisoma kabla ya kujibu.

Nilikutana na Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia aliyefungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za ubaguzi za mwaka 1938. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akichunguza neva katika mayai ya kuku. Baada ya vita, akiwa Marekani, aligundua protini inayozikuza neva na kuzihifadhi. Yeye na Stanley Cohen wakatunukiwa Nobeli mwaka 1986. Baadaye ikajulikana protini ya ukoo huohuo, BDNF. La kushangaza, baadhi ya seli za kinga zinazoingia ubongoni na kuleta uharibifu hutengeneza pia protini hiyo inayoweza kuzilinda neva.

Hata hivyo, tiba haijapatikana humo. Protini hizi hupenya kwa shida kutoka damuni kuingia ubongoni, na ile ya kwanza ikidungwa huleta maumivu. Dawa zilizopo hutuliza kinga na kupunguza mashambulizi, na hufaa zaidi zikianza mapema. Nilimweleza yote, pamoja na hilo la mwisho, ambalo lilinihukumu. Alinyamaza, kisha akasema, "Afadhali umesoma, Mjomba."

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2004 gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu ya Kilwa, husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mgonjwa wa Kilwa huifuata gesi yake kwa basi ili apigwe picha. Mei 2024 mvua zilipoikata barabara pale Somanga, hata basi halikupita. Gesi ina bomba lake. Mgonjwa ana nini?

Nami, nikiulizwa tena kuhusu maradhi, husema: mimi si daktari wa tiba, twende hospitali. Ningalisema hivyo siku ya jicho.