Karani wa Mizigo katika Tawi la Mpanda

Njia ya reli inayotoka Kaliua, magharibi ya Tabora, na kuelekea kusini-magharibi hadi Mpanda kwa umbali wa takribani kilomita 210, ndiyo iliyomlea kikazi mwandishi wa tawasifu hii, aliyeanza akiwa karani wa mizigo na kustaafu akiwa stesheni masta. Njia hiyo ni tawi, yaani reli inayochepuka kutoka Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, wakifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Hata tawi lenyewe halikupita mahali pasipo na nyayo, kwa kuwa wapagazi wa Kinyamwezi walikwisha kuizoea nyika ya Ugalla wakielekea Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, muda mrefu kabla ya taruma la kwanza kulazwa.

Tawi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, lakini mgodi ulifungwa 1960. Mwandishi, aliyeajiriwa baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika 1977, hakuwahi kupakia hata gunia moja la madini hayo. Alichopakia ni tumbaku, mahindi, asali, nta na mbao za mninga.

Wasafiri walidhani kwamba kazi ya karani ni kupima uzito na kuandika hati ya mizigo, yaani karatasi inayotaja mwenye mali, idadi na mwisho wa safari, ilhali sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutafuta mabehewa matupu, ambayo kila stesheni iliyaomba Tabora kwa simu ya reli, na ambayo msimu wa mavuno hayakutosha kamwe. Behewa lilipopatikana liliachwa kwenye njia ya pembeni, reli fupi inayojitenga na njia kuu ili upakiaji usizuie treni. Kabla ya marobota ya tumbaku kuingizwa, karani alijifungia ndani ya behewa mchana kweupe na kutazama juu, kwa sababu tundu dogo kama punje ya mtama, lisiloonekana kutoka nje, lilipitisha mwanga, na palipopita mwanga mvua ingepita pia, na tumbaku iliyolowa huota ukungu. Ukaguzi huo haukuandikwa katika kitabu chochote cha kazi alichopewa, nao ulikuwa na faida zaidi kuliko mengi yaliyoandikwa humo.

Masika yalilainisha tuta, yaani udongo ulioinuliwa kubeba reli, na treni zikatambaa; hayo yalizoeleka. Mafuriko ya Kilosa, yaliyokata Reli ya Kati kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, yalikuwa jambo jingine, kwani tumbaku ya magharibi husindikwa Morogoro, upande wa pili wa Kilosa, na kwa hiyo tawi lililokuwa zima lilikosa pa kupeleka mzigo kwa miezi kadhaa. Wafanyabiashara walihamia kwenye malori. Baadhi yao walirudi njia ilipofunguliwa. Wengine waliendelea na barabara, hasa lami ilipoiunganisha Tabora na Mpanda kupitia Sikonge, kwa kuwa lori hufika hadi mlangoni mwa ghala na halingoji kupangiwa behewa.